Hereni na zawadi kwa mtaji wa laki mbili: kwa nini wengi hukatika mapema?

#1 Mtabata
Wakuu salaam. Nina laki mbili taslimu, sidaiwi na mtu. Nataka kuuza urembo wa kike: hereni, cheni, bangili, vikuku vya mguuni, pamoja na vizawadi vya kufungasha. Nakaa Tabata, na simu yangu ndiyo duka. Hesabu za mdomoni zinavutia, kitu unakichukua Kariakoo kwa buku unakiuza buku mbili na nusu. Kinachonisumbua ni kwamba mtaani kwetu walioanza ni wengi, wanachangamka miezi miwili mitatu halafu kimya, stetasi zinarudi kuwa picha za watoto. Mzigo hauozi, hautaki friji, hauna tarehe ya kuisha. Sasa mtaji unaliwa na nini? Naomba waliofanya ndio waseme.

#2 Mzee wa Kijumbe
Unaliwa na ugali, binti yangu. Pesa ya mauzo inaingia kwenye laini ileile ya kununulia umeme na kumtumia mama nyumbani. Ukifika mwisho wa mwezi hakuna anayejua ipi ni faida na ipi ni mtaji. Chukua laini ya pili au Lipa Namba, iwe ya biashara tu, na faida uicheze kijumbe, ule mchango wa kupokezana, na wenzako wanne watano ili isilale mkononi. Mengine yote ni mapambo.

#3 Daftari
Nakuheshimu Mzee, ila kwenye urembo naona tatizo liko kwingine. Tupige hesabu. Tuseme dazeni ya hereni ni 12,000. Kila jozi inakusimamia buku, unauza 2,500. Kwenye karatasi dazeni inaleta 30,000. Lakini nani anamaliza dazeni? Jozi saba zinatoka upesi kwa sababu ndizo nzuri. Moja unavaa mwenyewe ili watu waione. Moja imekatika kindoano ukiwa unaionyesha. Tatu zinadoda. Umeuza 17,500, toa 12,000 ya mzigo, umebaki na 5,500. Hapo hujatoa nauli ya Kariakoo, bando na vifungashio.

Sasa rudi Kariakoo na dazeni nyingine, zidode tatu nyingine. Baada ya mizunguko kadhaa mtaji wako wote upo, haujaliwa hata shilingi, umelala kwenye boksi chini ya kitanda kwa sura ya hereni za rangi ya chungwa ambazo hakuna anayezitaka. Hata asiyegusa pesa ya biashara kwa ajili ya ugali anakutwa na hili.

#4 Kipepeo wa Kinondoni
Daftari kanimaliza, hizo za rangi ya chungwa zipo kwangu pia 😂. Dada Mtabata, dawa yake ni kuchanganya. Yapo maduka ya jumla yanayokuruhusu kuchagua dazeni mchanganyiko, miundo sita kwa jozi mbilimbili. Bei inapanda kidogo kwa jozi, lipa tu. Ukifika Kariakoo usimfuate winga anayekudaka barabarani akuambie "dada njoo nikuonyeshe stoo." Yeye hana duka, anaongeza chake juu ya bei ya mwenye mali, na kwa mzigo wa 50,000 hicho chake ndicho kingekuwa faida yako. Zunguka mwenyewe kwanza, uliza bei maduka manne bila kununua, kisha rudi kwenye lile la pili au la tatu.

#5 Sonara wa Mkunazini
Assalaam aleikum. Nyote mmezungumza pesa, hapana aliyezungumza mali yenyewe. Mimi nimekulia kwenye kazi ya usonara hapa Unguja na nasema hivi: biashara hii inakufa kwa sababu mteja harudi, na harudi kwa sababu cheni imechuja.

Mnachonunua kwa dazeni aghalabu ni madini mepesi ya mchanganyiko, zinki kwa wingi, juu yake kumepakwa utando mwembamba wa rangi ya dhahabu. Jasho, sabuni, manukato na maji ya chumvi vinauondoa. Hapa kwetu pwani mtu anatoka jasho tangu asubuhi, hiyo cheni itastahimili vipi? Mteja ananunua Ijumaa, Ijumaa ya pili shingo imebadilika rangi. Hakugombezi. Anakaa kimya na hanunui tena kwako, na mwenzake akimuuliza anasema usinunue pale. Kwa mtaji mdogo, afadhali ununue pisi chache za chuma kisichoshika kutu, hiyo mnayoiita stenlesi. Unazipata ghali zaidi, lakini mteja anaoga nayo na bado inang'aa.

#6 Msela wa Keko
Fundi hapo umeua. Naongezea mbinu: nenda Kariakoo na kisumaku. Kikinasa cheni, feki. Kisiponasa, stenlesi safi, beba. Na ikimwachia mtu kidole cha kijani jua ina sumu.

#7 Sonara wa Mkunazini
Ndugu yangu wa Keko, mawili hayo tuyaweke sawa, bibie asije akapoteza pesa. Sumaku inakwambia kama ndani mna chuma cha kawaida, basi. Zinki hainaswi na sumaku, shaba hainaswi, na hizo ndizo zinazojaa kwenye mali ya rahisi. Kwa hiyo kitu kinaweza kisinaswe na kikawa hakina thamani yoyote. Tena stenlesi nzuri huwa hainaswi, lakini kifungio chake kina kispringi kidogo ambacho kinaweza kunaswa, ukaitupa mali safi.

Na ukijani ni shaba inayokutana na jasho. Unaosheka kwa sabuni. Hata fedha halali ya 925, yaani silva, ina sehemu 92.5 za fedha katika mia, zilizobaki mara nyingi ni shaba. Dhahabu ya karati 18 ni 75 katika mia, iliyobaki ni madini mengine. Cha kuogopa ni nikeli. Wapo watu ngozi inawawasha na kutoa vipele pale hereni ilipotoboa, na mara nyingi ni nikeli inayowadhuru. Ukimpata mteja wa namna hiyo muuzie fedha halisi, au mwambie wazi huna mali yake.

#8 Msela wa Keko
Nimekupata fundi, asante. Sumaku inarudi kwenye friji.

#9 Wa Likoni
Jamaa wa Bongo hamjambo. Huku Mombasa hadithi ni hiyohiyo. Wengi wetu tunatoa mali Nairobi, Dubois Road ama Kamukunji, inakuja kwa basi la usiku. Mimi nauza shanga nilizotunga mwenyewe, na hapo ndipo natofautiana na Daftari. Hereni ya dazeni ikidoda imedoda. Shanga ikidoda naikata uzi, natunga upya kwa muundo mwingine. Mtaji haulali. Ninachopoteza ni uzi na muda wa jioni.

Watalii huwa wanauliza kama ni shanga za Kimaasai za asili. Mimi huwaambia ukweli: utungaji na mpangilio wa rangi ni wa Wamaasai, lakini shanga zenyewe za kioo nyingi huagizwa kutoka Jamhuri ya Cheki, na ni biashara ya miaka mingi. Hawakasiriki, wanapenda zaidi.

Suala la mtaji, kwetu kuna Hustler Fund, mikopo ya serikali, tangu Novemba 2022, inaanzia shilingi 500 ya Kenya kwa simu, riba asilimia 8 kwa mwaka. Kiwango cha kwanza ni kidogo lakini shanga na uzi vinatosha.

#10 Ngosha wa Igoma
Mbona mnahangaika na shaba na shanga wakati nchi hii ina tanzanaiti? Dada chukua laki mbili yako panda basi hadi Mirerani, nunua vijiwe vidogo, peleka kwa sonara avipachike kwenye pete. Kitu hakipatikani kwingine duniani. Utauza bei unayotaka.

#11 Chuga Mjini
Ngosha, usimpeleke dada wa watu polisi. Tanzanaiti ghafi hainunuliwi kama nyanya. Kununua na kuuza madini kunataka leseni, ya udalali au ya biashara kubwa, na mauzo yanapitia masoko ya madini yaliyowekwa na serikali. Pale Mirerani kuna ukuta wa kilomita 24 na zaidi tangu 2018, na geti lenye ukaguzi. Anayekuuzia jiwe pembeni ya geti anakuuzia kesi, au kioo cha buluu.

Anachoweza kufanya ni kununua kwa duka lenye leseni jiwe dogo lililokwisha kukatwa, akapewa risiti. Ila laki mbili itaishia hapo kwenye kijiwe kimoja viwili. Tena tanzanaiti si ngumu sana, kwenye kipimo cha ugumu iko kati ya 6 na 7, pete ya kuoshea vyombo itakwaruzika. Inafaa hereni na kidani kuliko pete. Kwa mtaji huu, hapana.

#12 Ngosha wa Igoma
Sawa mkuu. Nilikuwa namfikiria aanze na kitu kikubwa.

#13 Utepe na Boksi
Nimesoma mabandiko yote, naona mmeusahau upande wa pili wa swali lake: zawadi. Huko ndiko laki mbili inakotosha, na nitaeleza kwa nini.

Anayenunua hereni za kuvaa mwenyewe anajua anachotaka, anajua bei ya Kariakoo, na atakwambia "punguza." Anayenunua zawadi mara nyingi ni kaka ambaye siku imembana, hajui mkewe anapenda nini, na anataka mtu amwondolee mawazo. Weka kwenye boksi jozi moja ya hereni nzuri, kikombe chenye jina, chokoleti mbili, kadi iliyoandikwa kwa mkono, funga utepe. Hapo haulizi hereni ulichukua bei gani. Analipia boksi limfikie mkewe ofisini saa nne asubuhi.

Pili, anatanguliza pesa. Mteja wa zawadi anatuma kwanza, mimi ndipo naingia Kariakoo au kwa mchapaji wa vikombe. Kwa hiyo sina boksi chini ya kitanda kama la Daftari. Stoo yangu ni maboksi matupu, utepe, karatasi za kujazia na kadi. Havipitwi na mtindo.

Kazi iko kwenye kalenda. Februari 14, Machi 8, Siku ya Mama Jumapili ya pili ya Mei, kumi la mwisho la Ramadhani kuelekea Idi, mahafali za mwisho wa mwaka, kipaimara, send-off na kitchen party karibu kila wikiendi. Anayeanza Januari, mwezi wa ada za shule, atalia. Anayeanza wiki mbili kabla ya Idi atadhani biashara hii ni rahisi.

Na angalizo la vifungashio: mifuko ya nailoni imepigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, kwa hiyo usijaze stoo mifuko ya kung'aa kisha ukaumbuka. Mifuko ya karatasi inapatikana na inapendeza zaidi.

#14 Daftari
Utepe, nakubali pesa ya kutanguliza ni dawa nzuri. Lakini umeruka muda wako. Boksi moja: kuongea na mteja, kwenda kwa mchapaji, kufunga, kumtafuta bodaboda, kupiga simu mpaka lipokelewe. Bodaboda akichelewa, mteja anataka pesa yake. Na kati ya Machi na Mei unakula nini? Mimi ninaowajua waliofanya zawadi walikufa katikati ya sikukuu na sikukuu.

#15 Utepe na Boksi
Siku za kuzaliwa, ndugu yangu. Kila siku kuna mtu amezaliwa. Nina daftari la tarehe za wateja wangu, wiki moja kabla namkumbusha. Anashukuru kana kwamba nimemwokoa.

#16 Mtabata
Asanteni sana, sikutegemea elimu hii. Swali: kuna mama ana fremu Karume ameniambia atanipa mzigo wa kama laki moja bila kulipa, nikiuza nampelekea. Na rafiki zangu wa ofisini kwao wananiambia niwape hereni walipe mwisho wa mwezi. Nikubali yote mawili?

#17 Kipepeo wa Kinondoni
La kwanza, hiyo mali kauli, ni heshima kubwa, usiichezee. Andikianeni: pisi ngapi, bei gani, lini unarudisha zisizouzwa. Hasa hilo la kurudisha. Kama anakubali zirudi, basi tatizo la kudoda ni lake na wewe unauza kwa amani. Kama hakubali, hiyo ni mkopo uliovalishwa hereni.

La pili, hapana. Mwisho wa mwezi mwenye mshahara ana watu kumi wanaomdai na wewe wa hereni ni wa kumi na moja. Ukimkumbusha anakununia, unakosa pesa na rafiki. Mdogo wangu alikufa mtaji kwa njia hiyo, ofisi nzima ilikuwa inapendeza kwa mali yake na yeye hana nauli. Kwa hiyo nami naongeza jibu langu kwa swali la bandiko la kwanza: mtaji unaliwa na marafiki.

#18 Mzee wa Kijumbe
Marafiki, ugali, vyote ni mdomo mmoja. Nimesema tangu namba 2.

#19 Kaka Jumla
Jamani tuseme ukweli. Kinachoua ni bei. Zamani mtu alikuwa anatoa mzigo Kariakoo, anapeleka Tabata, tofauti anakula. Siku hizi mteja wa Tabata ana simu, anaona picha ileile kwa muuzaji mwingine kwa nusu bei, au anaagiza mwenyewe China kwa programu za simu. Na Kariakoo kwenyewe Wachina wamefungua maduka wanauza mpaka pisi moja. Utapatia wapi nafasi wewe wa katikati?

#20 Chuga Mjini
Kaka Jumla, hilo la wageni lina agizo lake. Julai 2025 Waziri wa Viwanda na Biashara alitoa amri inayowazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, na ya kwanza kwenye orodha ni jumla na rejareja. Hata maduka ya vinyago na kumbukumbu za watalii yamo, pamoja na saluni na utumaji pesa kwa simu.

#21 Kaka Jumla
Amri naijua mkuu. Ila mzigo bado ni wao wanaouleta, bei bado ni yao. Kubadilisha sura ya anayekaa kaunta hakumsaidii Mtabata kupata hereni kwa bei wanayoipata wao kwenye masoko ya Yiwu, China.

#22 Wa Likoni
Amri hiyo ilitufanya Wakenya tulalamike sana, mnakumbuka 😄. Dada Mtabata, nikija na shanga zangu Tabata utanikamata?

#23 Mtabata
Kaka wa Likoni karibu, nitazinunua mpakani kabla hujakamatwa 😂

#24 Binti wa Kilosa
Samahani naingilia, hizo shanga mnazosema ni za mkononi tu au na za kiunoni? Maana huku za kiunoni ndizo zinazotoka, tena kwa siri, mteja anatuma vipimo na pesa kabisa, haombi picha ibandikwe.

#25 Wa Likoni
Zote, dada. Za kiunoni zipime kwa uzi juu ya ngozi na umwachie nafasi, tumbo likishiba linatanuka. Uzi uwe imara, zikikatika barabarani utalaumiwa wewe.

#26 Afisa Mstaafu
Nirudishe mjadala kwenye karatasi. TIN, namba ya mlipa kodi ya TRA, inatolewa bure, asikutoze mtu. Jina la biashara linasajiliwa BRELA kwa mtandao, si lazima siku ya kwanza. Mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi milioni 4 hatozwi kodi ya mapato, ndilo kundi lililolengwa na vile vitambulisho vya 20,000 vya Desemba 2018. Hapo ni mauzo, si faida. Ukiuza wastani wa 350,000 kwa mwezi umeshavuka, kwa hiyo andika kila pisi tangu siku ya kwanza, kwani anayetunza kumbukumbu na asiyetunza hawatozwi sawa.

Mkihitaji kuongeza mtaji msikimbilie kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kubwa. Kuna mikopo ya halmashauri isiyo na riba, asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa Aprili 2023, ikarudishwa mwaka wa fedha 2024/25. Inatolewa kwa kikundi, na kikundi kinajengwa kabla ya shida, kwa hiyo anza kuwatafuta wenzako sasa.

#27 Kipepeo wa Kinondoni
Na tafadhali dada, ukianza weka bei kwenye picha. Hiyo "bei njoo inboksi" inatukimbiza. Nikiona hakuna bei najua unataka kuniangalia sura kwanza.

#28 Kaka Jumla
Ukiweka bei washindani wanakushusha siku hiyohiyo. Nimeyaona.

#29 Kipepeo wa Kinondoni
Washushe, mimi nanunua kwa anayenijibu kwa adabu na kuniletea kitu kilekile nilichokiona kwenye picha. Wengi tumeletewa hereni za ukubwa wa punje ya mahindi kwenye picha zilikuwa kama sahani. Piga picha yako mwenyewe, sikioni mwa mtu, mchana, karibu na dirisha.

#30 Mtabata
Nimesoma yote na mume wangu, tumebishana mpaka chai imepoa. Tulichofikia: 70,000 pisi chache za stenlesi kama fundi wa Mkunazini alivyosema, 50,000 maboksi, utepe na kadi, 20,000 laini mpya, bando na nauli, na 60,000 haiguswi mpaka nione kitu gani kimetoka. Mama wa Karume amekubali zirudi zisizouzwa ndani ya mwezi mmoja, tumeandikiana. Ofisini nimewajibu ni taslimu.

#31 Daftari
Mgawanyo ni mzuri, isipokuwa 50,000 ya maboksi ni nyingi kabla hujapata oda hata moja. Nunua maboksi kumi, yakiisha rudi. Kariakoo haihami.

#32 Utepe na Boksi
Kumi ni machache Daftari! Oda ya send-off moja inataka vizawadi vya wageni thelathini, na siku hiyo maboksi ya ukubwa mmoja hayapatikani. Mtabata, usimsikilize, nunua ukubwa mmoja tu lakini yatoshe.

#33 Sonara wa Mkunazini
Bibie, kabla hujanunua hizo za 70,000 chukua pisi moja tu, ivae wiki nzima, oga nayo, pikia nayo. Ikibaki na sura yake ndipo urudi duka lilelile ukachukue nyingine.

#34 Kaka Jumla
Akirudi wiki ya pili muundo ule utakuwa umeisha, fundi. Mzigo wa Kariakoo haukusubiri.

#35 Sonara wa Mkunazini
Basi muundo mwingine wa mali ileile. Aulize ni ya mwagizaji yuleyule.